Viwavi wa Upande wa Kushoto

Nimechoka, na sisemi hivyo ili mtu anionee huruma. Nasema kama mtu anavyosema leo kuna jua. Kwa miezi tisa nimemgeuza kitandani mwanamume wa kilo themanini, nimemwogesha, nimemlisha uji, nimemkalisha kwenye kiti uani, halafu nikajitwika beseni langu la mboga kwenda sokoni, nikarudi, nikaanza upya. Watu wa Kihonda wakinikuta njiani wananiambia pole na mgonjwa. Nawajibu nimeshapoa. Nitasema nini kingine?

Mgonjwa mwenyewe ni mume wangu, Ignas. Alipigwa na kiharusi mwezi wa sita mwaka jana akiwa kwenye matuta yetu ya kabichi, bomba la dawa mgongoni. Upande wa kushoto wote ukalala: mkono, mguu, mpaka nusu ya mdomo. Tena si kulala tu, aliusahau. Ukimwekea sahani ya wali anakula nusu ya kulia, nusu ya kushoto inabaki palepale kana kwamba imepakuliwa ya mtu mwingine. Ukisimama kushoto kwake ukamsemesha, anakutafuta kulia. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa nageuza tu sahani, sina hata nguvu ya kucheka.

Hospitalini yupo binti wa mazoezi ya viungo anaitwa Sabra, mpole, ana subira ambayo mimi iliniishia zamani. Mwezi wa tisa alimshika Ignas mguu, akaukunja, akaukunjua, akamwambia asukume, kisha akanivuta pembeni.

"Mama, mguu una nguvu. Nimeupima mara tatu. Mwenyewe ndiye hataki."

"Hataki vipi?"

"Amekata tamaa. Mtafutie kitu cha kumvutia, kitu kinachotembea, akifuate kwa macho kwenda huo upande wa kushoto. Akianza kugeuka, na mguu utakuja."

Kitu kinachotembea! Nikajaribu runinga ya mwanangu Ezekiel, umeme ukakatika. Nikajaribu kuku. Ignas aliwatazama kuku dakika mbili, akasinzia. Mimi mwenyewe napita mbele yake mara hamsini kwa siku, hanifuati kwa macho, sembuse kuku.

Sasa nieleze habari ya wifi yangu, maana bila yeye huenda ningeendelea kuburuza siku tu. Theresia ni dada mkubwa wa Ignas, analima mboga huko juu Mgeta, mwanamke wa mikono migumu na maneno makavu. Krismasi alishuka na ujumbe wa ukoo wao. Kwetu sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, haidhuru ameoa wapi na amekaa huko miaka mingapi. Na mimi ni Mluguru vilevile, wa ukoo mwingine, kwa hiyo hakuwa akinifundisha kitu.

"Mjomba amesema mtu wetu asiyeweza kusimama hafii ugenini," akaniambia, mkono kiunoni. "Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu nakuja na gari, kabla masika hayajaharibu barabara. Nikimkuta amesimama kwa miguu yake, namwacha. Nikimkuta kwenye hicho kiti, nampandisha kwetu."

"Wifi, mimi amenishinda wapi?"

"Hajakushinda. Jitazame kwenye kioo. Mtakufa wawili."

Niliudhika. Usiku huo sikumsemesha. Lakini sitaki kudanganya hapa: kulikuwa na sauti ndani yangu iliyosema, wamchukue. Wamchukue nilale usiku mmoja mpaka asubuhi. Halafu nikamtazama Ignas, ameinamisha kichwa kulia kama kawaida yake, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka thelathini na mmoja nimelala na huyu mtu. Akipanda mlimani akiwa vile hatashuka tena, nilijua, na Theresia alijua. Atalazwa kwenye chumba cha nyuma chenye ukungu, atageuzwa ukutani, basi.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza mambo yangu ya magugu, na hapo nirudi nyuma kidogo, mwezi uleule wa tisa.

Nyuma ya bafu letu ulikuwa umejiotea mti mmoja wa porini, urefu wa kiunoni, majani membamba, na vitunda vya duara vyenye vinyweleo, vimejaa hewa, ambavyo watoto huvibinya vipasuke. Ukivunja jani linatoka tone jeupe kama maziwa. Jina lake silijui, tunayaita tu magugu ya utomvu, na kila mwenye shamba huyang'oa. Siku hiyo nilikuwa nafua. Akatokea kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole kama hana haraka na mtu. Akapita mbele ya Ignas akielekea bafuni, yaani kushoto.

Ignas akageuza shingo.

Niliacha nguo kwenye beseni. Akaigeuza mpaka mwisho, macho yamemkodolea yule kipepeo, mpaka akatua kwenye yale magugu. Nikajisemea, Yesu na Maria, kumbe ni hicho.

Sabra nilipomwambia alipiga makofi. Ni yeye aliyenisomea kwenye simu kwamba kipepeo yule anataga kwenye magugu ya jamii ile ile tu, juu ya majani, na viwavi wake hawali kitu kingine. Ukiwa nayo mengi unao vipepeo wengi. Kwa hiyo mimi, niliyeng'oa magugu tangu nina miaka sita, nikaenda kuyatafuta niyapande.

Ya kwanza niliyachimba kando ya njia, yakafa yote. Yana mzizi mmoja mrefu unaoshuka chini moja kwa moja, ukiukata yamekwisha. Nikaenda msibani Mikese, na wakati wenzangu wanasubiri usafiri wa kurudi mimi nimo vichakani kando ya barabara kuu, nimevaa kanga ya msiba, nachuma vitunda vilivyokauka na kuvitia kwenye pochi. Nikarudi nyumbani mbegu zimetoka humo na manyoya yao, zimeruka nyumba nzima. Nikazipanda kwenye madumu yaliyokatwa. Wiki mbili hazijaota, nikatukana. Wiki ya tatu zikaota. Utomvu ukanirukia jichoni siku moja nikashinda nimefunga kitambaa kama jambazi. Mvua za vuli zilikuwa za kusuasua, nikamwagilia kwa ndoo kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, mistari miwili: mmoja mbele ya kiti cha Ignas, mmoja kushoto kwake kufuata ukuta wa bafu.

Jirani yangu Mosi alikuwa akisimama kwenye uzio na mswaki mdomoni kunitazama.

"Mama Ezekiel, wenzako wanapanda bamia, wewe unalea magugu. Utatuuzia kwa fungu au kwa kilo?"

"Nitakupa bure, ukachanganye kwenye mboga, ufe."

"Loo! Na kulogwa umelogwa, na matusi unayo!" Anacheka, anaenda zake. Mosi ni mtu mzuri. Nikiwa sokoni ndiye anayechungulia kama Ignas yupo salama.

Mwezi wa kwanza magugu yalikuwa yamefika kifuani, yametoa maua. Mwezi wa pili vipepeo wakaja. Kwanza wawili, kisha watano, kisha ukawa huna haja ya kuhesabu. Na Ignas akawafuata kwa macho kutwa. Kulia, mbele, kushoto, mpaka nyuma ya bega. Sahani sikuigeuza tena, alianza kumaliza wali wote. Siku moja nilimkuta ameinama mbele kwenye kiti, mkono wa kulia umekamata ubao wa kuegemea kana kwamba anataka kusimama. Nikasubiri. Hakusimama, akaegemea tena, akafumba macho.

"Unawapenda hao vipepeo, eh?" nikamwuliza.

Akaniangalia tu. Kusema anasema, lakini kwa shida, na tangu augue hasemi neno kama si la lazima.

Kisha yakatokea mayai, na baada ya mayai viwavi. Wana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na vijipembe vyeusi mgongoni. Mimi ni mkulima wa mboga, mkono wangu uliponyooka ulinyooka kuua. Nikajizuia. Nikawaacha wale. Kila asubuhi nilikuwa nawahesabu, na ilifika mahali nawapenda, jamani, viwavi! Sabra alisema wakishiba watajifunga kwenye vifuko, na siku kumi baadaye watatoka vipepeo wapya, wote kwa mpigo. Nikapiga hesabu ya siku. Wengi wangetoka baada ya ile Jumamosi ya Theresia, lakini nilitumaini angewaona wale waliopo, angemwona mdogo wake anavyogeuka, angenipa mwezi mmoja zaidi. Mwezi mmoja tu nilikuwa naomba. Kwamba Ignas asimame kwa siku zilizobaki sikutegemea tena.

Ijumaa jioni nilihesabu viwavi arobaini na mmoja, wanono.

Jumamosi yenyewe niliamka nimevunjika mgongo. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kumpikia mgeni, ikabidi niende na mchicha sokoni niuze upesi ninunue nyama. Nikamvisha Ignas suruali yake ya kaki na shati safi, ili kama wanamchukua wasiseme namvalisha matambara. Nikamkalisha uani, chupa ya chai mkononi kulia. Mosi hakuwepo, alikuwa kwenye shughuli kwa ndugu zake tangu jana. Nikasema saa tatu tu nimerudi.

Nilirudi saa tano. Sikuingia ndani, sikumsalimia mtu. Nilipita kwanza kwenye magugu, ndivyo nilivyokuwa nimezoea.

Hakukuwa na kiwavi hata mmoja. Mstari wote wa mbele, jani kwa jani, hakuna. Nikainama. Chini walikuwepo, wamebinywa, kijani kimetapakaa kwenye udongo, na siafu wameshaanza kuwaburuta. Miezi mitano ya kubeba ndoo!

Theresia alikuwa jikoni, amejifunga kanga, anachochea moto wangu.

"Shikamoo wifi," nikasema. Hasira ni hasira, adabu ni adabu.

"Marahaba. Ulikuwa wapi mpaka saa hizi?"

"Umewaua kwa nini?"

"Nimemuua nani?"

"Viwavi wangu! Umekuja kumchukua mume wangu, sawa, ni wa ukoo wenu. Na viwavi nao ni wa ukoo wenu?"

Akasimama, mwiko mkononi. "Hivi wewe una akili timamu? Nimefika hapa saa nne, nimemkuta mdogo wangu suruali ina matope kuanzia magotini mpaka tumboni. Ameanguka, hakuna hata wa kumwinua, mke yuko sokoni! Tena unaniuliza habari za viwavi!"

"Ameanguka?"

"Ameanguka, ndiyo! Nimeshafunga nguo zake. Gari limenishusha, linarudi saa nane, na sitaki kusikia neno."

Nilitaka kulia, nilitaka kumrushia beseni. Yote mawili yalikosa nguvu. Kisha likanijia swali, dogo tu, nikalisema bila hata kutaka ubishi.

"Ulimkuta wapi?"

"Kwenye kiti."

"Wewe ndiye uliyemwinua?"

"Nimeshakwambia nimemkuta kwenye kiti."

"Basi alirudije?"

Theresia akatazama uzioni. "Labda jirani yako."

"Mosi hayupo tangu jana."

Tukatoka wote wawili, yeye na mwiko wake. Ignas alikuwa macho, amesikia kelele zetu tu bila maneno, maana jiko liko upande wa pili wa nyumba. Matope yalikuwa yamekauka kwenye magoti. Nikamshika mkono wa kulia, nikaufungua kiganja. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vya kijani mpaka ndani ya kucha, na utomvu umegandia juu yake kama gundi.

"Baba Ezekiel. Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Umefanya nini?"

Akakusanya mdomo wake upande mmoja, neno moja baada ya jingine. "Nimeokota. Wanakula... mboga yako. Unabeba maji... kila siku. Wanakula tu."

"Umefikaje pale?"

Akanionyesha kwa kidevu: ukuta wa nyumba, kisha benchi la kufulia, kisha chini. Nikaenda kutazama. Ukutani kulikuwa na alama za kiganja, kimoja hapa, kingine pale, zimepanda juu usawa wa mtu aliyesimama. Alisimama. Kutoka kiti mpaka benchi alikwenda kwa miguu, nyayo zote mbili zipo kwenye vumbi, ya kulia imekanyaga, ya kushoto imeburuzwa. Huko kwenye udongo niliomwagilia ndiko alikotambaa kwa magoti, shina kwa shina.

"Na wale vipepeo?" nikamwuliza. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu. "Si ulikuwa unawapenda?"

Alinitazama kama nimeuliza ujinga. "Wale? Wanataga. Nilikuwa... nawaona. Huyu kataga hapa. Huyu pale. Nikasema... ngoja."

Miezi yote ile! Mimi nadhani anaburudika, kumbe mwenzangu anawavizia. Nilitaka kumpiga, nasema kweli. Arobaini na mmoja, mmoja mmoja, kwa mkono mmoja. Mkulima wa Mgeta hata umpige kiharusi, kiwavi atamwona.

Theresia alikuwa ameketi chini, mwiko umeangukia mchangani, anacheka na machozi yanamtoka. Akaniambia kwamba mama yao hakuwa na bomba la dawa. Aliwaamsha jogoo la kwanza, kila mtoto na tuta lake la kabichi na kopo lake, waokote viwavi kabla ya chai. Ambaye kopo lake halikujaa hakunywa chai. "Huyu hakukosa chai hata siku moja," akasema. "Alikuwa anamaliza tuta lake, anaingia langu."

Kisha akajifuta uso, akakaa sawa, akawa dada mkubwa tena.

"Ignas. Gari litafika saa nane. Mjomba anakungoja. Tunakwenda nyumbani?"

Nilitaka nisikie atakavyosema yeye mwenyewe, na nilikuwa naogopa majibu yote mawili.

Ignas hakumtazama dada yake. Aligeuza shingo kushoto, taratibu, mpaka ule mstari wa ukuta wa bafu ambao mkono wake haukuufikia.

"Ule... sijamaliza," akasema. "Una mayai. Nikienda, nani ataokota?"

Nikakaa chini pembeni ya kiti chake, kichwa nimekiegemeza kwenye paja lake lenye matope, nikalia kilio cha mtu aliyechoka, ambacho hakina hata sauti. Akaniwekea mkono wake kichwani, ule wa kijani, wenye gundi. Nywele zikanata, nikamwacha.

Nikamwambia, "Asante, Baba Ezekiel. Umenisaidia sana, walikuwa wanaimaliza." Kwamba nilikuwa nawalea sikumwambia, na Theresia aliyekuwa ameshaelewa alitazama kando. Gari lilipokuja saa nane alipanda peke yake. Dirishani akanivuta kichwa, akaninong'oneza nipande magugu mengine, mengi, nisimwage dawa hata tone.

Kesho yake hatukwenda misa. Kabla hakujapambazuka vizuri nilisikia naitwa, nikaamka nikidhani anataka kugeuzwa. Hakutaka kugeuzwa. Alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, anataka viatu. Nikapiga magoti nimvalishe, nikaanza na cha kulia. Nilipokiinua cha kushoto, mguu ulikuwa umeshanyooshwa, unakingoja.